Pointi za Safari ni za Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, katika ukurasa huu tumezoea kujibu maswali mnayotuletea baada ya darsa. Mara hii swali halikutoka Mombasa, wala Lamu, wala Malindi. Limetoka Kawangware, Nairobi, kwa mama mmoja aliyeniuliza jambo dogo, nami nikamjibu upesi kama ilivyo ada yetu sisi waalimu. Nilipokwisha kumjibu niliona kwamba jawabu lile lanihukumu mimi kabla ya kumhukumu yeye. Basi naomba mniwie radhi: leo nitasema habari za nafsi yangu, kwa kuwa mali iliyomo katika habari hii ni mali yenu.

Mwajua kwamba jamaa wa darsa yetu wanasaidia madrasa mbili huko Nairobi, moja Kibera na moja Kawangware. Asidhani mtu kuwa Kibera ni mgeni katika Uislamu. Askari wa Kinubi waliotumika katika jeshi la Waingereza walipewa kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20; wakapaita Kibra, yaani mwitu kwa lugha yao, wakajenga nyumba na misikiti. Wajukuu zao walingoja zaidi ya miaka 100, hata mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya ardhi ya ekari 288. Ama Kawangware, iko magharibi ya mji, imepakana na Lavington, mtaa wa matajiri. Watu wengi wa Kawangware huamka alfajiri wakenda kwa miguu kufanya kazi katika majumba ya Lavington, na jioni hurudi katika vyumba vyao vya mabati.

Mama huyo ni mmoja wao. Ni mtumishi wa nyumbani, na wanawe wawili wasoma katika madrasa yetu. Jumamosi moja alinijia na pakiti mbili za unga kwa chakula cha watoto, akasema: "Maalim, unga huu sikuununua kwa fedha taslimu. Nimeununua kwa pointi za simu. Je, sadaka yake yasihi?"

Kwa wasiojua: kampuni ya Safaricom, tangu mwaka 2007, humwandikia mteja wake pointi moja kwa kila shilingi 10 anazotumia, na pointi hizo huitwa Bonga. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu riziki zao, kampuni iliruhusu pointi hizo zitumike kununua vitu madukani kwa njia ya Lipa na M-Pesa, na wakati ule pointi moja ilihesabiwa senti 30. Maana yake, mwenye kutumia shilingi 1,000 alipata cha shilingi 30. Ni kidogo, walakini kwa mtu wa Kawangware pakiti ya unga si kitu kidogo.

Nikamwambia kwamba yasihi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Lakini Maalim, fedha ya simu si yangu yote. Bibi wangu hunipa ya kuwapigia watu wa sokoni, na dereva, na shule ya watoto wake. Simu ni yangu, na jina ni langu, lakini fedha ni yake. Hizo pointi ni zangu au ni zake?"

Nikamjibu: "Mama, jina si hoja. Hoja ni mali iliyozaa. Muulize mwenyewe, akikuridhia ni zako, na asiporidhia ni zake."

Mama yule hakubishana. Aliinama akauchukua unga wake, akaniambia atarudi akishauliza, akaenda zake. Jumamosi ya pili akarudi na pakiti zile zile mbili. Bibi wake alikuwa amecheka, akamwambia zote ni zake, za nyuma na za mbele.

Mimi nilikwisha kupata dhiki tangu Jumamosi ile ya kwanza, nikiwa katika matatu kutoka Kawangware kwenda mjini. Maneno yangu mwenyewe, kwamba jina si hoja, yalinirudia, nikakumbuka kiti nilichokalia katika ndege miezi mitatu kabla yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa muda wa miaka minne jamaa wa darsa walinituma Maskati, London na Toronto, kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wakaao huko, ili niwaeleze habari za madrasa na kuchukua michango yao. Tikiti zangu zilinunuliwa kwa fedha ya madrasa, za daraja la chini, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini kila nilipopanda, shirika la ndege liliniandikia pointi kwa jina langu. Sikuwaambia wenzangu, wala wao hawakuuliza. Pointi zikajaa. Mpwa wangu alipooa London, nilizitumia pointi hizo kwenda arusini katika daraja la mbele, lile liitwalo daraja la biashara.

Safari ya Nairobi na London ni ya saa kiasi cha tisa. Kiti kilikunjuka kikawa kitanda. Nililetewa kitambaa cha moto cha kupangusia uso, na chakula katika sahani za kauri, na shuka na mto. Nyuma yangu watu kwa mamia walilala wima, magoti yao yamegusa viti vya mbele, kama nilivyolala mimi katika safari zote za madrasa. Nikasema Alhamdulillahi, nikalala. Nilishukuru kwa kitu ambacho sikuwa nimeuliza ni cha nani. Mtumishi wa Kawangware aliuliza juu ya unga. Mwalimu wake hakuuliza juu ya kitanda cha angani.

Sasa na tuitazame hukumu yenyewe, kwani jambo hili haliko kwangu peke yangu. Liko kwa wafanya biashara wetu waendao China na Dubai, na kwa watumishi wa serikali, na kwa wakuu wa jumuiya na kamati zetu.

Mtindo huu wa pointi za ndege ulienea baada ya shirika la American Airlines la Marekani kuuanzisha mpango wake mwaka 1981, na mashirika mengine yakaufuata. Maana yake ni kumvuta msafiri asiende kwa mwingine. Pointi hizi, kwa mujibu wa asili ya mali iliyozizaa, ziko namna tatu.

Namna ya kwanza ni pointi alizozipata mtu kwa safari zake mwenyewe, kwa mali yake ya halali. Hizi ni kama punguzo la bei au zawadi ya muuzaji kwa mnunuzi wake, wala sioni dhambi ndani yake. Akitaka kuzitumia kukaa mbele, na akae. Kiti cha mbele si haramu kwa dhati yake. Mzee mwenye maradhi ya mgongo aweza kukihitaji, na mwenye afya akipumzika katika halali yake hatumlaumu. Tunamkumbusha mambo mawili tu: asifanye kiburi kwa walio nyuma yake, na akumbuke kwamba ataulizwa juu ya neema, kama ilivyo katika mwisho wa Surat at-Takaathur.

Namna ya pili ni pointi zitokanazo na kadi za mkopo za benki. Huenda wengi hamjui kwamba mashirika ya ndege huziuza pointi zao kwa mabenki, na mabenki huwagawia wateja wao kila wanaponunua kwa kadi. Fedha hiyo benki huipata wapi? Sehemu huipata katika ada anayotozwa mwenye duka, na sehemu katika riba ya wale walioshindwa kulipa deni kwa wakati wake. Basi mwenye kujivunia kwamba amesafiri bure, huenda kitanda chake kimelipiwa na mdeni asiyepata usingizi. Na hata yule alipaye deni lake lote kila mwezi, ametia sahihi mkataba wenye sharti la riba. Wanazuoni wa zama zetu wana maneno mengi katika hili, na wako waliowasahilishia watu. Mimi nasema: mwenye kutaka salama ya dini yake ajiepushe. Hapana ulazima wa kukaa mbele hata mtu aiingilie shubuha.

Namna ya tatu ndiyo iliyonipata mimi: pointi zilizozaliwa na mali ya mwingine, iwe ni ya tajiri aliyekuajiri, au ya serikali, au ya wakfu, au ya mayatima, au ya madrasa. Hapa ndipo watu wengi hulala, tena hulala usingizi mzuri.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa hadithi ya Abu Humayd as-Saidi, kwamba Mtume s.a.w. alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi aliitenga mali mafungu mawili, akasema kwamba fungu moja ni la Waislamu, na la pili yeye mwenyewe amezawadiwa. Mtume s.a.w. akapanda juu ya mimbari, akauliza kwa nini mtu huyu hakukaa katika nyumba ya baba yake na mama yake, akangoja aone kama zawadi hiyo itamjia. Kisha akawaonya watu kwamba mwenye kuchukua kitu kwa njia hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni.

Ndugu zangu, hicho ndicho kipimo, wala hakihitaji elimu nyingi. Lau ningalikaa nyumbani kwa baba yangu Mombasa, shirika la ndege lingaliniletea pointi zile? Hasha. Zilikuja kwa sababu nilitumwa, na nilitumwa kwa mali ya watoto wa Kibera na Kawangware.

Yako na mengine katika Muwatta ya Imam Malik. Abdullah na Ubaydullah, watoto wa Sayyidna Umar r.a., walikwenda Iraq pamoja na jeshi. Waliporudi walipitia kwa Abu Musa al-Ashari, liwali wa Basra, akawapa mali ya Waislamu waipeleke Madina kwa baba yao. Akawaruhusu waifanye kama mkopo, wanunue bidhaa za Iraq, wakaziuze Madina, warudishe rasilimali na faida iwe yao. Wakafanya hivyo, wakapata faida. Sayyidna Umar akawauliza kama askari wote walikopeshwa kama wao. Wakasema la. Akawaamrisha watoe rasilimali na faida pamoja. Abdullah akanyamaza. Ubaydullah akajitetea kwamba mali ile ingalipotea wao wangalilipa. Mwisho, mtu mmoja katika baraza akashauri ihesabiwe kuwa ni biashara ya ushirika, na Sayyidna Umar akachukua rasilimali na nusu ya faida kwa Waislamu, akawaachia wao nusu.

Tazameni vizuri. Watoto wale walikuwa na idhini ya liwali, tena walibeba khatari ya hasara juu ya shingo zao. Na juu ya yote hayo baba yao hakuwaachia faida yote. Mimi sikuwa na idhini ya mtu, wala sikubeba khatari yo yote. Tikiti ingalipotea, hasara ingalikuwa ya madrasa. Je, nitadai haki kubwa kuliko ya watoto wa Umar?

Najua yatakayosemwa, kwani nafsi yangu iliyasema yote katika matatu ile.

Kwanza, nafsi ilisema: Pointi ziliandikwa kwa jina langu, na sheria ya shirika ni kumwandikia msafiri. Jawabu ni lile nililompa mama wa Kawangware. Shirika lachagua mahali pa kuandika, halihukumu nani mwenye haki. Hata akaunti ya benki ya madrasa yaweza kuwa na sahihi ya mwalimu, wala fedha haiwi yake kwa kuwa na sahihi.

Pili, ilisema: Mimi ndiye niliyepata taabu ya safari, kukesha viwanjani, na kuacha watoto wangu. Kweli, mwenye kutumika ana ujira wake. Mwenyezi Mungu Ametaja katika Surat at-Tawba fungu la wenye kuitumikia zaka. Lakini ujira hutajwa mbele ya watu na kuandikwa. Mtu hajilipi mwenyewe gizani kisha akauita ujira. Na katika Surat an-Nisaai Mwenyezi Mungu Amewaamrisha wasimamizi wa mayatima, aliye tajiri ajizuie, na aliye fakiri ale kwa kadiri ya ada njema. Sijaona ada yo yote ya watu wema inayohesabu kitanda cha ndege kuwa ni katika kadiri hiyo.

Tatu, ilisema: Pointi zingaliharibika bure, madrasa isingalifaidika nazo. Huu ndio uwongo mkubwa kuliko yote. Pointi zile zile zilizonipa kitanda kwenda na kurudi, kwa hesabu niliyoionyeshwa baadaye, zingalitosha tikiti mbili za daraja la chini. Maana yake, safari zetu mbili zingalikuwa bila gharama ya tikiti, na fedha hiyo ingalibaki katika unga, na vitabu, na mishahara ya waalimu. Tena mashirika mengi humruhusu mwenye pointi amkatie mtu mwingine tikiti. Kwa hivyo hata mwalimu mwengine angaliweza kutumwa.

Nne, ilisema: Wote hufanya hivi. Kwa hili sina jawabu ila kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuyaandika haya.

Nilipofika Mombasa niliwakusanya jamaa wa darsa baada ya sala ya Isha, nikawaeleza yote. Baadhi yao walisema, "Sheikh, tumekusamehe, yaache." Nikawaambia kwamba hawawezi kunisamehe kitu kisicho chao. Mali ile ni ya watoto, na waliotoa ni watu wa miji hii, mwenye tunu na mwenye senti. Tukaitafuta bei ya tikiti mbili za daraja la chini, ikaandikwa kuwa ni deni juu yangu. Ninalilipa kila mwezi katika mshahara wangu, na mweka hazina anaandika. Bado halijesha. Mwenye kuleta sadaka yake na akitaka kulitazama daftari, analo ruhusa.

Nimeyatangaza haya si kwa kujisifu kwa toba, kwani mwenye kujisifu kwa toba ameongeza dhambi ya pili. Nimeyatangaza kwa sababu ninyi ndio mliotoa, na mtoaji ana haki ya kujua. Na kwa sababu sisi wenye vilemba twawaonya watu juu ya bidaa na juu ya wizi wa viongozi, na watu hutusikiliza wakidhani mikono yetu ni mitupu. Ikiwa twamlaumu mkubwa wa serikali kwa kula mali ya umma kwa mamilioni, ilhali sisi twala ya madrasa kwa pointi, tofauti yetu na yeye ni kiasi, si tabia.

Basi nawausia wenye jumuiya, kamati za misikiti na madrasa, na kila atumwaye kwa mali isiyo yake, mambo matatu.

La kwanza, andikeni katika kitabu cha mkutano kwamba pointi zote zipatikanazo kwa safari za jumuiya ni za jumuiya, na msafiri atoe hesabu yake kila arudipo, kama atoavyo hesabu ya fedha.

La pili, aliyeajiriwa na kampuni au serikali amwulize mwenye kazi. Akimruhusu waziwazi, ni zake, na azitumie kwa moyo safi. Kampuni nyingi huwaachia watu wao, na hilo ni hiari yao. Lakini aulize kwanza. Haya ya kuuliza ni nyepesi kuliko haya ya Siku ya Hesabu.

La tatu, aliyekwisha kutumia asikate tamaa. Na aihesabu, akiri, alipe kidogo kidogo. Mlango wa toba haukufungwa, lakini haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake. Hufutika kwa kurudishwa, au kwa radhi ya mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Kibera, kisha Kawangware. Sikupanda ndege, nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa, na mgongo ukaniuma. Yule mama alikuwa jikoni pa madrasa akipika uji kwa unga wake. Nikamwambia kwamba swali lake limenitia katika deni. Hakunielewa mara moja. Nilipomweleza, alinyamaza, kisha akasema: "Maalim, mimi niliogopa tu watoto wasije wakala kitu cha watu." Akanitilia bakuli la uji, nami nikasita. Akatambua, akacheka, akasema: "Kunywa, Maalim. Huu umeulizwa."

Ewe Mola wetu, tutosheleze na halali Yako tusiihitaji haramu Yako, na utuonyeshe aibu zetu kabla ya kuonyeshwa mbele ya viumbe. Uwabarikie watoto wa Kibera na Kawangware, na kila aliyetoa kwa ajili yao, na umfungulie mama yule mlango wa kheri duniani na Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh.